Bei ya Herufi

Mkeo amekuja na karatasi ya daftari,
mistari minne kwa kalamu nyekundu.
Ameiweka juu ya vumbi la mawe, hapa Makupa,
karibu na kile kiti chako cha plastiki
ambacho sijakihamisha.
"Hesabu, Fundi Mwijaa. Herufi ngapi?"

Nimehesabu kwa kidole kama mtoto wa chuo.
Jina lako refu, Ezekieli Mwambingu.
Mwaka wa kuja, mwaka wa kwenda.
AMELALA KATIKA YESU.
Kisha mstari wa nne:
MWANA WA MUNGU.

Hapo patasi ikagoma.

Wakumbuka ulivyokuwa ukinitania?
"Nyinyi mna nafuu, Fundi.
Isa herufi tatu, Yesu nne.
Dini yenu imebana matumizi."
Nami nikikujibu: "Nyinyi mwahesabu mpaka tatu, mwasema moja.
Karani mzima wa bandari, hesabu gani hiyo?"
Ulicheka hata kahawa ikakupalia.
Kisha ukasema, taratibu:
"Moto, mwanga wake, joto lake. Utazima upi, ubakishe upi?"
Nikasema moto umeumbwa.
Ukasema ndiyo, kila mfano huchechemea.
Adhana ya laasiri ikatukata maneno.

Miaka ishirini na sita tuliivuta kamba ile.
Wewe: alishuka, akavaa mwili, akaona njaa,
Mungu asiyeona haya kunyonya.
Mimi: hakuzaa wala hakuzaliwa,
na mja aliyekula chakula na mamake
ni mtume, mtukufu, neno litokalo kwa Mola,
lakini si Mola.
Wewe ulimlaza mtoto horini mwa ng'ombe.
Mimi nilimkalisha mama chini ya mtende,
peke yake na uchungu wake, akitikisa shina.
Juu ya Mariamu hatukugombana.
Tukifika kwake, sote tulishusha sauti.

Ni msalaba uliotutenga,
upana usio na kivuko.
Nilikwambia: hawakumuua, hawakumsulubu.
Mola hamwachi mpenzi wake mikononi mwa watu wale.
Ulinyamaza. Ulikuwa mwaka wa Mghoi wenu,
miaka tisa, homa ya siku tatu.
Ukasema: "Mimi simtaki aliyenusurika, Mwijaa.
Namtaka aliyekufa, akajua."
Aya nilikuwa nayo. Nikaimeza.
Nami Badi wangu alipozama Kilindini
nilimtaka Yule asiyekufa,
nipate pa kushika.
Ulikaa matanga yote kwenye mkeka, miguu imekufa ganzi,
hukunihubiria hata neno.

Sasa mkono wauliza:
nikilichonga, nimeshuhudia?
Nimelizunguka jiwe. Nimetia maji. Nimenoa kilichokwisha nolewa.
Ndipo nikakumbuka fomu zangu za pasi, mwaka ule wa Hija,
macho yangu yamejaa vumbi la kazi, siwezi kusoma vinukta.
Ulinijazia wewe, kwa mwandiko wako wa ofisini,
na ulipofika penye Dini uliandika Mwislamu,
herufi kubwa, zimenyooka,
wala kalamu haikutetemeka.

Basi nimelichonga.
M, W, A, N, A.
Siliamini. Nimelichimba sana
ili mvua za masika zisilifute.
Shahada ni yako, jiwe ni lako;
mimi nilikuwa karani.

Jioni mkeo ameisoma risiti mara mbili.
"Umesahau herufi tano."
Sikusahau. Jiwe liende Kikowani au Mbaraki,
neno MUNGU silitozi, tangu enzi za baba.
"Na Yesu?"
Yesu nimemtoza, shemeji. Herufi nne.
Angekuwa Isa ungelipa tatu.

Akacheka. Akakaa kwenye kiti chako, akalia.
Kisha akalipa zote nne.